Kipimo cha Hujambo

Nchi yetu ni nzuri. Naanza hivyo kwa sababu ndivyo watu wanavyoanza, na yule aliyewahi kuanza vingine hayupo hapa kutueleza kilichompata. Jina la nchi silitaji. Ukiwa unaishi humo unalijua, na kama huishi humo mshukuru Mungu wako ukalale.

Nchi hii ina majirani, na majirani wana magonjwa kama tulivyo nayo sisi, maana mto ni mmoja na nzi hawaulizwi pasi ya kusafiria. Ugonjwa mkubwa tunauita Kausha. Asubuhi tumbo linaunguruma, adhuhuri mtu anaharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele, jioni macho yameingia ndani na ngozi ukiifinya inabaki imesimama. Dawa yake si kitendawili. Ni maji yenye chumvi na sukari, ya kunywa, na kama hayanyweki tena, basi ni ya dripu. Ukiwahi, mtu anapona. Ukichelewa, unaazima jembe.

Washirika wakasikia habari zetu. Washirika ni watu wa ng'ambo wenye huruma nyingi na magari marefu. Wakaleta Mpango wa Afya na Utangamano wa Kanda. Wakasema, tutawasaidia, lakini muwe kitu kimoja. Kila nchi ikipima watu wake kivyake, sisi hatuelewi nani mgonjwa nani mzima. Tafuteni kipimo kimoja cha kanda nzima.

Mawaziri wa kanda wakaenda kukaa. Walikaa hotelini kando ya bwawa la kuogelea, wakakaa mpaka mmoja wao akaoa mhudumu wa pale. Kazi ilikuwa ngumu jamani. Nchi hii ina darubini haina umeme, nchi ile ina umeme haina mtu wa kuchungulia. Ndipo Waziri wetu wa Afya, Utangamano na Mapokezi alipoamka kitini mwake akasema:

"Waheshimiwa, ni kitu gani ambacho watu wa kanda hii yote wanakielewa bila maabara, bila umeme na bila semina?"

Akawatazama mmoja mmoja, kisha akauliza kwa sauti nyororo: "Hamjambo?"

Ukumbi mzima, kwa malezi mema ya wazazi wao, ukaitika: "Hatujambo!"

"Mmeona?" akasema Waziri. "Nimewapima wote, na wote ni wazima."

Wanasema walimpigia makofi mpaka samosa zikapoa.

Basi Kipimo cha Pamoja kikapita nchi zote. Walioajiriwa kukitumia waliitwa Wapimaji. Walipewa kofia, buti, na kidude cha mkononi chenye vitufe viwili. Kijani ni cha "sijambo." Chekundu ni cha jibu lingine lolote. Chekundu kilikuwa kimebandikwa plasta juu yake. Tukaambiwa kinasubiri awamu ya pili.

Sasa wewe uliyelelewa unajua. Mtu akikuuliza hujambo, unajibu sijambo. Hata nyumba ikiwaka moto unajibu sijambo kwanza, ndipo unasema, ila nyumba inawaka. Habari yote iko kwenye "ila." Hata msibani watu wanaitikiana salama, salama, ila ndiyo hivyo, tumeondokewa. Mwenye adabu humsubiri mwenzake afike kwenye ila yake. Kipimo hakikusubiri. Neno la kwanza likitoka, kitufe kinabonyezwa, buti zimeshageuka kwenda nyumba ya pili.

Kanda yetu ikapona ndani ya msimu mmoja. Washirika walilia kwa furaha. Wakatuletea kontena jeupe la dripu, ili tukiugua siku nyingine lisitukute mikono mitupu. Likawekwa uani kwa zahanati yetu, likapigwa kufuli, na ufunguo ukapelekwa Sekretarieti ya Kanda, ambayo iko nchi nyingine, kwa ajili ya utangamano. Litafunguliwa siku vitufe vyekundu vitakapofika kiwango.

Mke wangu Siwema alifia ubavuni mwa kontena lile.

Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati. Nesi Nasra akamlaza nje, kwenye kivuli cha kontena, maana ndani hapakuwa na nafasi ya watu wasio wagonjwa. Mpimaji akapita. Kijana nadhifu, wala hakuwa na ubaya usoni.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo mwanangu," akasema Siwema, "ila tum..."

Kitufe cha kijani kikalia, ti!

"Mwanangu, hajamaliza," nikasema. "Ana ila huyo."

"Mzee, ila haina nafasi," akanijibu kwa upole. "Imezungumzwa sana kwenye vikao. Kila nchi ina ila zake, zingevuruga utangamano."

Nasra alisimama pale na mikono yake mitupu. Alimnywesha uji wa chumvi kwa kijiko, ukawa unarudi. Mgongo wa Siwema ulikuwa umeegemea bati, na nyuma ya bati hilo, unene wa kidole tu, kulikuwa na maji ambayo angeyapata yangemrudisha. Alikufa akiwa mzima kwa mujibu wa takwimu. Nilipoomba cheti cha kifo niliambiwa nisiichafue kanda.

Tangu siku hiyo ninawajua waliomfisha mke wangu. Nawaona wakipita na vioo vya magari vimepandishwa. Ila kuwajua ni kitu kimoja na kusema ni kitu kingine. Kuna fundi viatu wa hapa kwetu, Mgeta, alisema. Mpimaji alimuuliza hujambo, akajibu, "Nina jambo! Nina mambo! Watoto wangu wawili wako chini wanatapika!" Mpimaji hakujua abonyeze wapi. Jioni likaja gari lisilo na namba. Mgeta akachukuliwa kwenda Chuo cha Adabu za Kanda akajifunze kuitikia salamu. Mkewe alipokwenda kumuulizia, mlinzi alimkaribisha vizuri tu, akamuuliza, "Shemeji, hujambo?" Mwanamke akatazama geti, akatazama bunduki, akasema sijambo, akarudi nyumbani. Mpaka leo Mgeta hauliziwi tena.

Baada ya hapo mtaa wetu ulikuwa na adabu usiyopata kuiona. Watu walikuwa wanaitikia hata kabla ya kusalimiwa. Ukikohoa nyuma ya mtu, anaruka, "Sijambo!"

Mwaka ukageuka, ikatangazwa sherehe. Kanda Isiyo na Jambo! Mgeni rasmi ni Bibi Mkuu wa Washirika mwenyewe, anakuja kuona kwa macho, kisha ndiyo fungu la awamu ya pili litatoka. Na sherehe itafanyika wapi? Uani kwa zahanati yetu, mbele ya kontena, kwa sababu ndilo kontena pekee katika kanda ambalo halijaguswa hata kidogo. Lilikuwa ushahidi.

Mratibu wa Kipimo wilayani, Bwana Kisinda, akaja karakana kwangu. Mimi kazi yangu ni vitanda vya kamba. Kisinda ni mtu mwembamba, anatoka jasho hata akiwa kivulini.

"Mzee Mbaruku, hujambo?"

"Sijambo," nikasema haraka.

"Tunataka kitanda. Kizuri, cha kiasili, kamba mpya. Kitafunikwa kitambaa, mgeni rasmi atakifunua mbele ya watu wote. Kitaitwa Kitanda Kitupu cha Kanda."

"Kitupu, bwana?"

"Kitupu ndiyo uzuri wake. Kinaonyesha hakuna wa kukilalia." Akasogea, akapunguza sauti. "Mzee wangu, kiwe imara. Kikivunjika pale jukwaani mimi na wewe tutakwenda kujifunza kuitikia salamu."

Nikakisuka. Matendegu ya mninga, mifumbati ya ubavuni ya mninga, kamba nilizivuta mpaka viganja vikachubuka. Nilikuwa nakaza na kulaani, nakaza na kulaani, kimoyomoyo, maana hata kulaani kuna wasikilizaji.

Asubuhi ya sherehe, binti yangu Kibibi akaamka tumbo linaunguruma.

Kibibi ndiye niliyebaki naye. Ana ulimi wa mama yake, alikuwa anawaita wale Wapimaji "mitego ya panya," kwa jinsi wanavyolia ti. Nilimpa maji ya chumvi na sukari, akatapika. Nikampa tena, akatapika. Alipotoka chooni mara nyingine alikuja kwa kushika ukuta, na miguu yake niliiona imekuwa ya mtu mzee. Nikakimbia kwa Nesi Nasra.

Nasra alikuwa anapaka chokaa mawe ya uani.

"Nesi, Kibibi."

Aliangusha brashi. Hakuuliza Kibibi kafanya nini. "Maji yananyweka?"

"Hayanyweki."

Akatazama kontena, akatazama askari waliokuwa wakifunga vitambaa vya rangi. "Mzee Mbaruku, jioni ni mbali sana kwake," akasema. "Unanielewa? Jioni ni mbali."

Nilimwelewa. Nikamfuata Kisinda aliyekuwa akipanga viti, nikamwambia bwana, kontena lifunguliwe, hata katoni moja.

"Usiseme hivyo," akasema Kisinda. "Sijasikia. Mzee, leo! Leo ndiyo umeona siku ya kuugua?"

"Hakuchagua, bwana."

"Wangapi wengine?" Nikashangaa kuona anauliza kama mtu anayeogopa kujibiwa. Nikamwambia hii mitaa mitatu ya bondeni nyumba nyingi zimefungwa milango tangu juzi na watu wako ndani. Akajifuta uso kwa leso. "Hakuna mtu ndani," akasema. "Ni kimya tu. Nenda kaandae kitanda, askari wanakuja kukichukua."

Nikaenda. Kitanda kilikuwa mlangoni kwangu, na kitambaa cha hariri cha rangi za kanda kimekunjwa juu yake. Nikakitazama. Nikaingia ndani, nikambeba Kibibi, mwepesi kama kapu, nikamlaza juu ya kamba nilizozisuka kwa ajili ya mtu asiyekuwepo.

"Baba, unanipeleka wapi?"

"Kwenye dripu. Tulia usitikisike."

"Kwa kitambaa hiki watu watadhani nimekufa shujaa." Akajaribu kucheka, midomo ikakwama kwenye meno kwa ukavu. "Shujaa mwenyewe wa kuharisha."

"Kibibi, nisikilize. Atakuja mama mmoja mgeni, atakuuliza hujambo. Mwambie unaumwa. Usianze na sijambo, mwanangu. Anza na ila."

Akanitazama kwa yale macho yaliyozama. "Mtu mzima, tena mgeni, nimwanzie na ila? Mama atanionaje huko aliko?"

"Mama yako ndivyo alivyokufa!"

Akafumba macho. Nikamfunika.

Askari wanne wakaja. Waliponyanyua, mmoja akaguna.

"We mzee, mbona kitupu kina uzito?"

"Mninga huo, afande." Sauti yangu niliisikia inatoka kwa mtu mwingine. "Mninga mbichi."

"Na harufu?"

"Kamba mpya zinanuka, afande."

Nilihisi mkojo unanitoka tone. Kisha mkubwa wao akapiga kelele kwamba msafara umefika, wakainua, wakaenda nacho mbio mbio kwa hatua za gwaride, na mimi nyuma yao nikiomba Mungu mtoto asikohoe.

Waziri alihutubia. Akasema kanda yetu ilikuwa ukurasa, sasa ni kitabu. Akasema magonjwa yamekimbia, na mengine yameomba hifadhi kwenye kanda za watu wengine. Akasema utangamano ni kama figa, na kwamba mafiga ni matatu, na kwamba yeye ni mojawapo. Kila alipovuta pumzi bendi ilipuliza. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kile kitambaa cha hariri, juani, najaribu kuona kama kinapanda na kushuka. Mara naona kinapanda. Mara nahisi ni upepo. Hotuba ikaendelea.

Hatimaye mgeni rasmi akasimama. Mama mrefu, uso wa huruma, viatu vyeupe. Akashika ncha ya kitambaa, kamera zikasogea, akavuta.

Bendi ikabaki na tarumbeta midomoni.

Kibibi alikuwa amelala pale, mdomo wazi, vidole vyake vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima. Kisinda, nyuma ya jukwaa, akakaa chini polepole bila kiti. Lakini Waziri hakukaa. Kwa hilo nampa haki yake. Hakupepesa.

"Na huyu," akasema kwenye kipaza sauti, "ni mwakilishi wa vijana! Amelala kwa amani, kwa kuwa hana jambo!"

Mgeni rasmi alikuwa amefundishwa neno moja kwenye ndege. Akainama, akalitamka kwa uangalifu kama mtu anayebeba yai.

"Hu-jambo?"

Nilimwona mwanangu akifungua macho. Nilimwona akimtafuta yule mama, akampata. "Anza na ila," nikasema moyoni, "anza na ila."

"Sijambo," akasema Kibibi. "Shikamoo."

Bendi ikalipuka. Tarumbeta, ngoma, makofi, Wapimaji wote wamesimama mstari vidude vinalia ti, ti, ti. Na ndani ya kelele ile midomo ya mwanangu ilikuwa bado inakwenda. Nilikuwa nampigia kelele Waziri, "Ana ila! Msubirini, ana ila!" na aliyekuwa jirani yangu akaniziba mdomo kwa mkono wake, si kwa ubaya, kwa woga tu.

Mgeni rasmi aliiona ile midomo. Akamgeukia mkalimani. Mkalimani akamwangalia Waziri, kisha akasema maneno mengi ya lugha yao. Nasra alinieleza baadaye alichosema, kwamba binti anashukuru na anaomba mpango uongezwe awamu ya tatu. Mama wa watu akaweka mkono kifuani, macho yakamlowa, akasogea karibu zaidi amshike Kibibi mkono.

Hapo tumbo la Kibibi likajibu lenyewe. Tumbo halijalelewa na mtu. Maji meupe yakapita kwenye kamba, kitanda cha kamba hakizuii kitu, yakamwagikia viatu vyeupe vya mgeni rasmi na vifundo vya miguu yake mpaka ndani ya soksi.

Mama akatazama chini. Daktari wake, ambaye muda wote alikuwa anasinzia kwenye gari, akashuka akiita neno moja ambalo halikuhitaji mkalimani. Nikaona watu wa ng'ambo wanavyoogopa. Wanaogopa kama sisi, tofauti ni kwamba wao wakiogopa vitu vinatembea.

"Dripu!" yule daktari alikuwa anasema. "Dripu! Wapi dripu?"

Watu wote wakaelekeza vidole kwenye kontena. Ufunguo? Uko nchi nyingine, kwa ajili ya utangamano. Basi dereva wa mgeni akafunga mnyororo kwenye kufuli, akafunga na ncha nyingine kwenye gari refu, akakanyaga mafuta. Mlango ukang'oka kama jino.

Na zilikuwemo.

Hilo ndilo lililonimaliza. Muda wote huo nilijiambia humo ndani pengine hamna kitu, wameshauza, na nilikuwa nimezoea kuwachukia kwa wizi. Zilikuwemo zote. Katoni juu ya katoni mpaka kwenye dari, safi, hazijaguswa na panya, zimepangwa kwa upendo. Siwema aliegemea hizo.

Mgeni rasmi akalazwa kwenye kochi la Waziri, akawekewa dripu mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Hakuwa anaumwa popote. Wakati wote wanamkimbilia yeye, Nasra alipita katikati ya miguu ya watu na katoni kifuani, akapiga magoti kwa Kibibi. Akachoma, mshipa umejificha. Akachoma, akakosa. "Kibibi, usinifanyie hivi," alikuwa anasema, "usinifanyie hivi mdogo wangu." Akachoma tena, damu ikajitokeza kidogo, akaufunga mrija.

"Shika juu, mzee. Juu! Ukishusha haiingii, damu itarudi."

Nikanyoosha mkono na ule mfuko wa maji.

Ndipo milango ya bondeni ikafunguka. Sijui nani aliwaambia. Walikuja wale wote waliokuwa hawajambo, wamebebwa mgongoni, kwenye mikokoteni, kwenye mlango ulionyofolewa. Wakachukua. Askari mmoja akaweka bunduki chini, akajaza mifuko ya dripu kwenye kofia yake ya chuma, akakimbia nayo kuelekea kwake. Nasra na wenzake walikuwa wanachoma tu, na kila aliyechomwa alikuwa na mtu wake juu yake amenyoosha mkono. Ua mzima ukawa mikono.

Kisinda akapita karibu yangu, uso umekuwa wa majivu. Akasema bila kufungua meno, "Mzee Mbaruku, kamera zimegeuka huku. Usishushe mkono. Mwenye mkono chini ataulizwa alifuata nini hapa."

Waziri alikuwa ameshapanda tena jukwaani. Ameshika kipaza sauti. Alitazama uani, akatazama kamera, na nikaona uso wake unafunguka kama mtu aliyeletewa chakula.

"Tazameni!" akaunguruma. "Watazameni wananchi! Nani aliwaambia wanyanyue mikono? Hakuna! Ni mapenzi yao kwa kanda yao, na kwa Washirika, na kwangu mimi mtumishi wao! Awamu ya pili oyee!"

Bendi ikaanza, mmoja mmoja, kwa kutetemeka. Kamera zilitembea juu ya mikono yetu. Zikafika kwangu. Waziri akanielekeza kidole, mimi mwenyewe niliyemzika Siwema, akanipungia, akatabasamu. "Yule mzee pale! Mnamwona yule mzee?"

Bega lilikuwa linawaka. Vidole sivisikii. Nilitaka kuushusha mkono ule kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote duniani, niokote jiwe la chokaa nimtupie. Tone likaanguka kwenye mrija. Likaanguka jingine. Kibibi akalamba midomo, na ulimi wake ulikuwa umeanza kuwa na unyevu.

"Baba," akasema, "unampungia nani?"

"Simpungii mtu. Lala."

Waziri alikuwa bado ananitazama. Nikaukamata mkono kwa mkono wangu wa pili usianguke, nikaunyoosha juu zaidi.